Mwanga Kwenye Kitanda Kitupu

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomkera zaidi Inspekta Msaidizi Jatani. Ingekuwa mbaya, angeitupia jicho mara moja na kuiacha. Lakini ilikuwa imeegemezwa pale juu ya meza ya Bwana Mkubwa wa polisi, kati ya kofia na birika la chai, na kila aliyeingia ofisini alisimama akaitazama na kushusha pumzi. Ilionyesha ndani ya nyumba ya Kisomali: miti ya kupinda, mikeka, vyombo vya maziwa vya kusukwa vimening'inia, na jua la alasiri likiingia kwa mlango na kutambaa sakafuni mpaka kitandani. Kitanda kilikuwa kitupu. Picha nzima ilikuwa kimya na amani, na kwa amani hiyo mtu alikuwa anapelekwa kunyongwa.

"Wewe natazama sana," alisema Bwana Mkubwa. Alikuwa Mzungu mwembamba aliyejifunza Kiswahili kambini na hakuwahi kukirekebisha. "Kesho lori nakwenda Nairobi. Alio nakwenda na lori. Maneno kwisha."

"Maneno hayajaisha, effendi."

"Kwisha!"

Jatani akanyamaza. Yeye alikuwa Mborana wa upande wa Wajir, mtu wa maneno machache, lakini sajini wake, Koricha, aliyesimama mlangoni, alimjua. Jatani akinyamaza namna ile, ujue damu inamchemka.

Haya, tuyaweke mambo sawa, maana watu wameyapotosha mno. Ijumaa iliyopita, baina ya swala ya adhuhuri na ya alasiri, mlinzi aitwaye Abdow alikutwa amekufa ndani ya ghala la mabomba, amepigwa kichwani kwa spana kubwa. Ghala lilikuwa la mkandarasi wa kuchimba visima, Mzungu aliyeitwa Thorley katika vyeti vyake, na Garissa nzima ikimwita Bwana Bomba. Abdow alikuwa ameanza kulalamika waziwazi kwamba mabomba ya serikali yanapakiwa kwenye lori na kupelekwa Lafey, kuvushwa mpaka. Mtu mwenye akili zake angeanza kuuliza hapo. Hawakuanza hapo. Walianza na Alio, mchukuzi wa maji kwa ngamia, kwa sababu aligombana na Abdow kisimani juu ya zamu ya kunywesha, na kwa sababu shuka yake ilikuwa na damu.

Ile damu Jatani aliimaliza siku ya kwanza tu. Ilikuwa ya mbuzi aliyechinjwa Alhamisi ili mgonjwa apate mchuzi. Ngozi ilikuwa bado imewambwa juani, na majirani waliokula nyama walikuwa hai na midomo yao ipo. Mgonjwa ni Alio mwenyewe. Alisema Ijumaa nzima alikuwa kitandani kwa mkewe, homa ya malaria imemshika, hajui hata nani aliingia na nani alitoka. Mkewe, Ebla, alikuwa sokoni akiuza maziwa.

Ndipo Bwana Bomba alipokuja kituoni na picha kwapani. Mke wangu ni mchoraji, alisema. Ijumaa ile, tangu adhuhuri mpaka alasiri, tulikuwa nyumbani kwa huyo Alio, mke wangu akichora, mimi nimekaa naye. Hapakuwa na mtu. Tazameni kitanda!

Picha ikamvisha Alio kitanzi, na papo hapo ikamwosha Bwana Bomba. Majirani wakasema hawakuona Mzungu yeyote siku ile. Wakaambiwa wanamtetea ndugu yao. Ala! Watu kumi na macho yao wakawa waongo, na kitambaa kilichopakwa rangi kikawa shahidi.

"Effendi, mimi nilishaigusa," alisema Koricha kwa sauti ya chini, Bwana Mkubwa alipotoka kwenda kujibu simu. "Siku ileile ilipoletwa. Rangi mbichi kabisa, ikanishika kidole. Kwa hiyo ni kweli ilichorwa majuzi."

"Uligusa wapi?"

"Hapa." Koricha akaonyesha kitanda.

Jatani akagusa kitanda kwa ncha ya kidole. Bado kilinata kidogo. Akagusa vyombo vya maziwa: vikavu. Akagusa ule mwanga sakafuni, akausugua kwa ukucha, mgumu kama mlango wa kituo uliopakwa mwaka jana.

"Koricha," alisema, "wewe ukipaka mlango rangi, unapaka bawaba leo na mbao mwaka jana?"

"Siwezi, effendi."

"Basi huyu mama alirudi kitandani kufanya nini?"

Koricha akakisugua kidole chake chenye rangi. Jatani akavaa kofia.

Nyumba ya Ebla ilikuwa kwenye bulla, mtaa wa nje ya mji, mahali wachukuzi wa maji wanapofunga ngamia wao. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Ebla alikuwa nje akifukiza chombo cha maziwa kwa kaa la mti, mtoto mchanga mgongoni. Alimwona polisi, akaendelea na kazi yake.

"Nabad, walaal," Jatani alisalimu, yaani amani, ndugu. Walizungumza Kisomali.

"Nabad ipi? Mume wangu mmemfunga, nabad mmeifunga pamoja naye."

"Nimekuja kwa ajili yake."

"Hata wale waliomchukua walikuja kwa ajili yake."

Jatani akalimeza hilo, maana alistahili. "Nataka kutazama ndani."

"Mwenye nyumba ni mimi, na mume wangu hayupo. Mwanamume haingii. Tazama ukiwa mlangoni."

Akasimama mlangoni. Aliona ile miti ya kupinda, ile mikeka, vile vyombo, kile kitanda. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama katika picha. Isipokuwa ndani mlikuwa giza. Ilibidi afinye macho ndipo aone shuka. Akageuka atafute jua, akalikosa, maana lilikuwa nyuma ya nyumba, na kivuli cha nyumba nzima kilikuwa kimemwangukia yeye pale aliposimama.

Lo! Jatani alijipiga paji la uso mwenyewe. Amezaliwa katika nyumba ya namna hii, amelala ndani yake mpaka alipoota ndevu, halafu wiki nzima anaitazama picha asione! Kaskazi ikivuma, mlango hutazama machweo. Kusi ikianza, wanawake huibomoa nyumba, hugeuza miti, mlango ukatazama mawio, ili upepo usipulize majivu ya moto machoni mwa watoto. Mama yake alifanya hivyo kila mwaka. Nyumba za mawe za serikali ndizo zimemtia ujinga.

"Mliigeuza lini?" aliuliza.

"Kusi ilipoanza. Kabla ya mvua. Bulla nzima tuligeuza siku moja, tulisaidiana."

"Na tangu hapo jua la alasiri halijaingia humu."

"Litaingiaje? Litoboe mkeka?"

"Ebla, yule Mzungu mwanamke mnayemwita Bibi Rangi, aliwahi kuja hapa kuchora?"

Mikono ya Ebla ikasimama. "Mara moja. Wakati wa kiangazi."

"Kulikuwa na mtu kitandani?"

"Walaal, hilo liache."

"Siliachi. Kesho mumeo anapelekwa Nairobi, na hakimu ataonyeshwa kitanda kitupu. Nani alikuwa pale?"

Ebla akamsogeza mtoto mgongoni, akatazama pembeni kuona kama jirani yupo karibu. "Mimi," alisema. "Aliniambia, kaa tu, nachora mgongo na ubavu, uso sichori. Nikakaa. Baadaye nikajuta. Sheikh amesema sura ya kiumbe haichorwi, na Alio ni mtu wa msikiti. Sikumwambia. Sikumwambia mtu."

"Na alipokamatwa hukusema?"

"Hiyo picha nimeiona wapi mimi?" sauti ilimpanda. "Mmenionyesha? Mmeniita? Niliposema mume wangu alikuwa mgonjwa, yule mkubwa wenu alinikatiza kwa mkono, hivi, kama anafukuza nzi! Mimi nilidhani amechora siku nyingine. Nilidhani ameingia nyumbani kwangu bila ruhusa!"

Jatani akaona aibu. Ni kweli. Katika wiki nzima hakuna mtu aliyefikiria kumwonyesha mwenye nyumba picha ya nyumba yake.

"Utayasema haya mbele ya mkubwa?"

"Alio atajua."

"Atajua akiwa hai."

"Basi nitasema," alisema Ebla.

Memsabu Thorley, mke wa Bwana Bomba, aliishi karibu na mto, katika nyumba ya mawe yenye veranda pana. Alimpokea Jatani sebuleni na kumpa kiti, jambo ambalo si wengi wa kabila lake walilifanya miaka ile. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Bwana Mkubwa. Mapazia ya matete yalishushwa nusu, na mwanga uliopita ulikuwa laini mno. Ukutani pote kulikuwa na picha, na zote zilikuwa za vyumba. Kiti kando ya dirisha. Mtungi mezani. Pazia na kipande cha jua. Katika moja tu palikuwa na mtu, mwanamke aliyegeuka, akifua.

"Mume wangu yuko Tarbaj, kwenye kisima kipya," alisema.

"Sikuja kwake, memsabu. Nimekuja kujifunza. Kesho picha yako inakwenda kortini, nami nitaulizwa. Nisije nikaonekana mjinga."

Akatabasamu. "Uliza."

"Huu mwanga. Unauonaje mpaka unaushika hivi?"

Hapo akachangamka. Alisimama, akazunguka chumba, akionyesha kwa kidole. Asubuhi mwanga ni wa baridi, alisema, mchana haufai kitu, alasiri ndiyo yenyewe, unaingia chini kwa chini na kila chombo kinapata heshima yake. Jatani alimsikiliza bila kumkatiza. Na kusema kweli, yule mama alikijua anachokisema.

"Kwa nini hakuna watu?"

"Watu huvuruga utulivu. Chumba kikiwa kitupu, ndipo mwanga unaposikika."

"Naam. Na picha ikihitaji mwanga kidogo mahali ambapo haupo? Unaongeza?"

"Sijawahi!" Uso ulimwiva. "Wapo wanaobuni mwanga wakiwa wamekaa ndani. Mimi sichori mwanga ambao sikuuona kwa macho yangu."

"Kwa hiyo Ijumaa, nyumbani kwa Alio, mwanga uliingia kama ulivyochorwa."

"Kama ulivyochorwa."

"Kutoka mlangoni, mpaka kitandani, alasiri."

"Inspekta, kama unanishuku, sema."

"Mimi nani, memsabu? Ila alasiri ndiyo hii. Twende ukamwonyeshe Bwana Mkubwa palepale, ili kesho asiwepo wa kukubishia."

Alisitasita. Akaitazama ile picha ya mwanamke anayefua, akatazama veranda. Kiburi ni kitu kibaya jamani. Angesema anaumwa kichwa, Alio angekwisha. Lakini alikuwa ameambiwa kwamba kuna mtu atamtilia shaka mwanga wake, na hilo hakuliweza. Akachukua kofia. Jatani akaomba chupa ya tapentaini na kitambaa kutoka meza ya rangi, akasema sajini wake ana rangi kidoleni haitoki. Na kweli ilikuwepo.

Walifika bullani watu wanne: Bwana Mkubwa, aliyenuna njia nzima, Memsabu, Jatani, na Koricha aliyebeba picha. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Ebla alisimama kando ya mlango na mtoto wake.

"Effendi," alisema Jatani, "tafadhali weka picha mlangoni, halafu tazama ndani."

Bwana Mkubwa akainama, akatazama. Akatazama picha. Akatazama tena ndani. "Giza," alisema.

"Giza. Jua liko nyuma ya nyumba. Memsabu amesema hachori mwanga asiouona. Basi na atuambie Ijumaa aliuonaje."

Memsabu Thorley alisogea mlangoni. Alikuwa anatazama kile kiza cha ndani. Yeye aliyejua mwanga wa asubuhi na wa alasiri hakujua kwamba nyumba inaweza kugeuka. Kwao nyumba zikishajengwa hukaa. Hakuuliza. Angeuliza, angeambiwa na mtoto yeyote wa bulla.

Jatani akaeleza habari ya kaskazi na kusi, kwa ufupi. Bwana Mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa pua.

"Mimi si mtoto, Jatani. Nyumba ya miti! Huyu mwanamke nageuza jana. Nataka kuokoa bwana yake. Mimi pia naweza geuza nyumba hii."

"Muongo!" Ebla alimjia juu kwa Kiswahili chake cha sokoni, kisicho na p wala v. "Muongo kubwa! Mimi nageuza nyumba kwa sababu ya ubebo, si kwa sababu ya bolisi! Uliza wanawake yote hapa! Nyumba yote natazama huko, zote nimegeuza mimi beke yangu?"

"Wote ndugu yako," alisema Bwana Mkubwa, akaanza kuondoka.

Hivi ndivyo ilivyokuwa! Ukisema ukweli peke yako, huna shahidi. Ukiwa na mashahidi, ni ndugu zako. Jatani aliona kisogo cha mkubwa wake kikienda, akaona lori la kesho, na hasira aliyokuwa ameikalia wiki nzima ikainuka. Akafungua chupa. Akalowesha kitambaa.

"Bwana Mkubwa, geuka."

Hakusema effendi. Ndiyo maana yule akageuka.

Jatani akaweka kitambaa juu ya kitanda cha picha. "Usiguse!" Memsabu akapiga kelele. "Usiguse picha yangu!" Wiki nzima mtu yumo mahabusu, sauti ya yule mama haijapanda. Sasa ilipanda. Jatani akafuta. Hakusugua, alifuta polepole, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Shuka ya kahawia ikatoka ikashika kitambaani. Chini yake pakatokea buluu. Buluu ikawa bega. Bega likawa mgongo wa mwanamke aliyekaa ukingoni mwa kitanda, uso kaugeuzia ukuta. Akafuta tena, akashuka ubavuni, na hapo hata Koricha akasema, "Subhanallah."

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa na mimba kubwa, ya siku za kujifungua, na mkono wake mmoja ulikuwa umelala juu ya tumbo, na ule mwanga wa alasiri ulikuwa umeufikia mkono huo.

"Huyo ni mimi," alisema Ebla. Hakuna aliyemwuliza. Alisema kwa sauti ya kusikika na majirani waliokwisha kusogea. "Wallahi ni mimi. Nilikaa nikachorwa, dhambi yangu naijua, Mungu anisamehe." Kisha akalegeza nguo mgongoni, akamvuta mtoto mbele, akamwinua juu kwa mikono miwili mbele ya uso wa Bwana Mkubwa. Mtoto, aliyekuwa amelala, akafungua macho akaanza kulia. "Na hii ndiyo tumbo! Jina yake Zamzam! Nimezaa yeye kabla ya mfua! Sema sasa: hii bia nimegeuza jana?"

Bwana Mkubwa alitazama tumbo, akatazama mtoto. Alikuwa mtu mkaidi lakini si kipofu. Masikio yalimwiva mekundu.

"Memsabu," alisema Jatani, "ulichora lini?"

"Januari." Haikutoka vizuri, ikabidi arudie. "Januari. Mume wangu alisema ni swali dogo tu la polisi. Alisema alikuwa mahali ambapo hawezi kupataja, na kwamba picha itamaliza maneno. Akaniomba nimtoe mwanamke, kwa sababu Ijumaa huyu mwanamke alionekana sokoni."

"Ukamtoa."

"Picha ilikuwa tulivu zaidi bila yeye," alisema, kisha akaona aibu ya alichokisema, akafunika mdomo.

"Ulijua kuna mtu atanyongwa?"

"Nilijua kuna mtu amekamatwa. Sikujua ni nani."

"Ulikuwa umekaa nyumbani kwake!" Jatani alipaza sauti, na hakujali nani anamsikia. "Umechora kitanda chake, kamba kwa kamba! Umechora vyombo vya mkewe, mshono kwa mshono! Unasema hukujua ni nani?"

"Mimi nilikuwa nachora mwanga."

Jatani akatafsiri kwa Kisomali, maana Ebla alikuwa anamvuta mkono kutaka kujua. Ebla akamgeukia yule mama. "Mwambie," alisema, "siku ile nilimpa maziwa. Nilimkaribisha kama mgeni. Mwambie maziwa yale nimemsamehe, mengine simsamehe." Akamgeuzia kisogo.

Walirudi kituoni. Bwana Mkubwa aliandika mwenyewe simu ya upepo kwenda Wajir, Bwana Bomba akamatwe huko Tarbaj asiondoke, na mkono wake ulipofika kwenye sahihi ulisimama kidogo kabla ya kuendelea. Jatani alisimama juu yake mpaka alipomaliza. Kisha Memsabu akachukuliwa maelezo upya, na Koricha akafungua mahabusu.

Alio alitolewa akiwa amebebwa mikononi. Homa haikuwa imetibiwa. Midomo ilikuwa imepasuka, na upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba, na uvimbe ule haukuwa wa malaria. Alimwona Ebla, akajaribu kusimama, akashindwa. Wakamlaza kwenye machela.

"Toa yeye kwa mlango ya nyuma," Bwana Mkubwa alimwambia Jatani kando. "Pita njia ya mto. Pole pole, hapana kelele. Mambo kwisha vizuri."

Ebla alisikia. Kiswahili kile alikielewa chote. Akaja akasimama mbele ya machela, miguu kaipanua kidogo, mtoto kifuani.

"Nyuma habiti," alisema. "Mlibomchukua, mlibita wabi? Sokoni! Siku ya mnada! Mlimfuta kwa kamba kama mbuzi mwizi, watu wote wanaona, watoto wanamtubia mawe, mama yake anaona! Leo mtamrudisha sokoni. Nyinyi, bolisi, mtabeba. Na mtasema kwa mdomo yenu."

"Jatani," alisema Bwana Mkubwa, "toa huyu mwanamke."

Jatani aliitazama machela. Konstebo waliokuwa wameishika upande wa mbele ni walewale waliokwenda kumkamata, na mmoja wao alikuwa anatazama viatu vyake. Jatani akamgusa bega, akamsogeza, akashika mti mwenyewe.

"Inspekta! Hiyo amri!"

"Nimeisikia, effendi," alisema Jatani. "Koricha, inua."

Wakainua. Walitoka kwa mlango wa mbele, wakashuka ngazi, wakapita chini ya bendera, Ebla akitangulia. Sokoni watu walikuwa bado wengi, wanunuzi wa ng'ombe kutoka mbali, wauza maziwa, wazee wa kahawa. Walipoona polisi wamebeba mtu, walidhani ni maiti, wakaanza kusimama mmoja mmoja na kupisha njia. Wanawake wakashika vichwa. Ebla akasimama katikati, mahali wanapofungwa mbuzi wa mnada, akamgeukia Jatani, akangoja.

Jatani alijua Bwana Mkubwa yuko verandani anatazama. Alijua pia kwamba maneno kama haya, ukishayasema ukiwa na sare, hayarudi.

"Huyu ni Alio!" alisema kwa Kisomali, kisha kwa Kiborana, kisha kwa Kiswahili. "Yu hai! Hakumuua Abdow! Polisi tulimkamata bure na tukampiga bure!"

Kwenye machela Alio alikuwa amefunika macho kwa kiwiko.

Ebla akatazama upande wa maduka, kisha akamtazama Jatani.

"Sema tena," alimwambia. "Wale wa kule hawajasikia."

Akasema tena.